Bastola Ina Kizuizi, Moyo Je?

Ndugu msomaji, kila nifundishapo juu ya wavumbuzi humtaja John Moses Browning, ingawa kazi yake ilikuwa silaha. Wapo wanaonilaumu kwa hilo. Nawaomba wanisikilize kwanza.

Browning alizaliwa mwaka 1855 mjini Ogden, Utah, nchini Marekani. Babaye alikuwa fundi wa bunduki, naye akakulia karakanani. Alipata hataza yake ya kwanza mwaka 1879, na kwa jumla alipewa hataza 128. Mwaka 1883 aliuza bunduki yake kwa kampuni ya Winchester. Baadaye akashirikiana na kiwanda cha FN cha Ubelgiji.

Mnamo Machi 1911 jeshi la Marekani liliichagua bastola yake. Bastola ya aina hiyo, kila ikipiga, hujipakia risasi nyingine na kuiacha nyundo imesimama tayari. Je, askari aliye juu ya farasi ataibebaje bila kujijeruhi? Jawabu lilikuwa vizuizi viwili. Cha kwanza kimo nyuma ya mpini: pasipo kiganja kukikandamiza, kifyatulio hakirudi nyuma. Cha pili huinuliwa kwa kidole gumba, nacho hukikaza kishikio cha nyundo kisiiachilie. Asahauye kimoja huenda akaokolewa na kingine. Hekima ninayoisifu ndiyo hiyo: fundi alikubali kwamba binadamu husahau na huteleza, akatengeneza chuma kinachokumbuka kwa niaba yake.

Hata hivyo, hekima hiyo ina mpaka wake. Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, Gavrilo Princip alimuua Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria. Bastola aliyoitumia ilibuniwa na Browning na kuundwa na FN. Aina hiyo ilikuwa na vizuizi vitatu, wala havikufaa kitu siku hiyo, kwani viliwekwa kumzuia atelezaye, si akusudiaye. Majuma machache baadaye Vita Vikuu vya Kwanza vikaanza.

Browning alifariki tarehe 26 Novemba 1926 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa katika kiwanda hichohicho cha Ubelgiji.

Walimu wenzangu, fundi aweza kuizuia ajali. Nia ya kuua haizuiliwi na chuma. Hiyo twaachiwa sisi tunaolea vijana, nyumbani na darasani. Nanyi wanafunzi, mkisomea ufundi, jiulizeni mapema chombo chenu kitamfanya nini mtu aliyesahau, na kitafanya nini mkononi mwa aliyekusudia.