Alice Magaw na Vita vya Nusukaputi

Neno nusukaputi huwachekesha wanafunzi wangu wa isimu kila tunapolichambua. Nusu wanaijua; kaputi aghalabu huhusishwa na neno la Kijerumani lenye maana ya kitu kilichoharibika. Basi ni nani anayestahili kumfikisha binadamu katika hali hiyo na kumrejesha salama? Swali hilo lilizua uhasama wa miaka mingi kati ya madaktari na wauguzi wa Marekani, na kila niusomapo mgogoro huo humkumbuka Alice Magaw.

Magaw alizaliwa 1860, akahitimu uuguzi mjini Chicago 1889. Mwaka 1893 mwenzake Edith Graham, aliyekuwa akiwatia wagonjwa usingizi katika hospitali ya St. Mary's huko Rochester, Minnesota, aliolewa na Charles Mayo, mmoja wa wale ndugu wapasuaji mashuhuri. Magaw akaishika nafasi yake.

Siku hizo kazi hiyo ilidharauliwa. Hospitali nyingi zilimtwika daktari mwanagenzi, naye macho yake yalikuwa kwenye kisu cha mpasuaji, ufundi aliotamani kujifunza, wala si kwenye uso wa mgonjwa. Magaw hakuwa na kisu cha kutamani. Aliidondosha etha tone baada ya tone juu ya kitambaa cha barakoa, akichunguza pumzi na rangi ya uso, huku akizungumza na mgonjwa kwa upole hadi usingizi umchukue. Maneno yale (nasi watu wa lugha tuna haki ya kutabasamu) yalipunguza kiasi cha dawa kilichohitajika. Mwaka 1906 alichapisha katika jarida la wapasuaji tathmini ya visa zaidi ya 14,000, pasipo kifo hata kimoja kilichosababishwa na dawa hiyo. Miaka miwili baadaye aliolewa na daktari mpasuaji, akaondoka Rochester.

Wakati huo baadhi ya madaktari walikuwa wakishikilia kwamba muuguzi atoaye nusukaputi anafanya udaktari bila idhini. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: aliyesomea mwili na maradhi yake kwa miaka mingi huenda akaitambua hatari mapema. Ila mafunzo ya kibingwa ya fani hiyo kwa madaktari, katika chuo kikuu, yalianzishwa na Ralph Waters huko Wisconsin 1927, mwaka mmoja tu kabla ya Magaw kufariki. Shule waliyodai muuguzi hana, wengi wao pia hawakuwa nayo. Kwa maoni yangu, malipo na hadhi vilichochea ugomvi ule kuliko elimu.

Wauguzi walishinda kesi Kentucky 1917. Mwaka 1936 Dagmar Nelson, muuguzi aliyetoka kliniki ya akina Mayo, alishinda katika Mahakama ya Juu ya California: maadamu aliongozwa na mpasuaji, hakuwa akifanya udaktari.

Vita vikahamia kwenye msamiati. Madaktari wa Marekani walijitwalia jina refu lenye tamati ya kitaaluma, wakawaachia wauguzi lile fupi, ilhali Uingereza jina hilo fupi ni la daktari hadi leo. Hapa Kenya, maafisa wa kliniki waliosomea fani hii ndio wanaobeba sehemu kubwa ya mzigo nje ya miji mikubwa. Wagonjwa huwaita daktari.