Historia: E. D. Morel, karani mwenye alimushitaki Leopold wa Pili bila kufika Kongo

Edmund Dene Morel hakukanyaga udongo wa Kongo hata siku moja. Hakuona kijiji chenye kilichomwa moto, hakusikia kilio cha mutu mwenye alikuwa anapigwa fimbo ya ngozi ya kiboko. Yeye aliona karatasi tu, hesabu za meli. Lakini katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, ni watu wachache sana wenye walimusumbua Mufalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuliko huyo karani.

Alizaliwa Paris mwaka wa 1873. Baba yake alikuwa Mufaransa, mama yake Muingereza. Baba alikufa wakati mutoto alikuwa na miaka 4, na kisha mutoto akasomea Uingereza. Mwaka wa 1891 akapata kazi ya ukarani katika kampuni ya meli ya Elder Dempster, huko Liverpool. Kampuni hiyo ndiyo ilikuwa na mukataba wa kubeba mizigo kati ya bandari ya Anvers na Boma. Na kwa sababu Morel alijua Kifaransa muzuri, wakubwa wake walianza kumutuma Anvers kila mara, asimamie kazi ya kupakia na kupakua.

Mushahara wake ulikuwa mudogo, kwa hiyo usiku aliandika makala za gazeti juu ya biashara ya Afrika. Katika makala za kwanza alikuwa upande wa Leopold. Aliamini kama Kongo inaendelea muzuri, na malalamiko ya wamisionere aliyaona kuwa maneno ya watu wa dini wenye hawaelewi mambo ya biashara.

Wamisionere walikuwa wamekwisha kusema. Edvard Sjöblom, Mubatisti kutoka Sweden mwenye alifanya kazi katika Equateur, alieleza Ulaya namna askari walikuwa wanakata watu mikono kwa sababu ya kauchu, ni kusema mupira wa mwituni. Mwaka wa 1899, huko Kasai, William Sheppard, pasta mweusi kutoka Marekani, alifika katika kambi moja na kuhesabu mikono ya kuume 81 yenye ilikuwa inakaushwa juu ya moto. Watu hao walisema kwa zamiri ya mukristo: hii ni zambi, Mungu anaona, mwenye kunyamaza anashiriki.

Kwa nini Ulaya haikusikia? Sababu moja ni kwamba Leopold alikuwa amewahi kuzituliza zamiri za watu wa dini. Alijionyesha kuwa mukombozi wa watumwa. Vita ya askari wake kule Maniema, yenye ilifikia kuanguka kwa Nyangwe na Kasongo mwaka wa 1893, ilielezwa huko Ulaya kuwa kazi ya kikristo ya kumaliza biashara ya watumwa ya Waarabu na Waswahili. Mutu mwenye alikuwa ametoa sadaka juu ya kazi hiyo hakupenda kusikia kama mukombozi naye anafunga watu kamba.

Morel aliamshwa na hesabu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1890, akiwa Anvers, aliona meli zenye zinatoka Kongo zikishusha kauchu na pembe za tembo kwa wingi. Alipolinganisha na hesabu zenye serikali ya Leopold ilikuwa inatangaza, aliona kwamba mali yenye inashuka ni nyingi kuliko ile yenye inaandikwa. Tofauti ilikuwa inaingia katika mifuko ya nani? Kisha akaangalia meli zenye zinarudi Boma. Bidhaa za kuuzishia watu zilikuwa kidogo sana. Sehemu kubwa ya muzigo ilikuwa bunduki na masasi, na vitu vya wazungu wenye walikuwa wanafanya kazi kule.

Pale ndipo jambo lilimupasukia. Kama mali ya samani kubwa inatoka katika inchi, na hakuna kitu chenye kinaingia cha kuilipia, basi hakuna biashara. Na kama hakuna biashara, wale watu wa mwituni wanakata kauchu kwa sababu gani? Jibu lilikuwa katika masanduku ya masasi. Karani huyo hakuhitaji kuona mukono hata mumoja wenye umekatwa. Alihitaji tu kukubali kusoma mpaka mwisho kile chenye alikuwa anaandika kila siku. Makarani wengine walikuwa na madaftari yaleyale.

Alienda kwa mukubwa wa kampuni, Alfred Jones, mwenye alikuwa pia konsuli wa Leopold huko Liverpool. Jones hakufurahia maneno hayo. Baadaye Morel aliahidiwa kazi ya juu zaidi katika inchi ingine, kisha malipo ya pauni 200 kwa mwaka ya kuwa mushauri tu. Kwa mutu mwenye bibi na watoto, ilikuwa feza ya kweli. Alikataa, na mwaka wa 1901, akiwa na miaka 28, akaacha kazi.

Mwaka wa 1903 akaanzisha gazeti lake, West African Mail. Mwaka huohuo bunge la Uingereza lilijadili mambo ya Kongo, na konsuli Roger Casement akapanda muto kuchunguza. Ripoti yake ilitoka mwanzoni mwa 1904. Wale wawili walikutana, wakaongea usiku kucha, na mwezi wa tatu 1904 chama cha kutetea Wakongomani, Congo Reform Association, kikaanza huko Liverpool. Casement alitoa pauni 100 ili kazi ianze.

Ndani ya chama hicho kulikuwa zamiri za namna mbili, na hazikukaa pamoja bila kukwaruzana. Morel aliandika juu ya sheria na mali. Hoja yake ilikuwa moja: udongo na matunda yake ni mali ya wakaaji. Leopold alipotangaza kwamba udongo wote wenye haulimwi ni wa serikali, alimunyanganya Mukongomani haki ya kuuza, na mutu asiye na haki ya kuuza anabakia kutumikishwa kwa nguvu. Ukatili, kwa Morel, ulikuwa tunda la utaratibu huo; haukuwa ubaya wa askari fulani. Haikuhitaji Biblia kuuelewa.

Lakini hoja ya namna hiyo haikujaza vyumba vya mikutano. John Harris na bibi yake Alice, wamisionere wa Baringa, ndio waliovijaza. Alice alikuwa amepiga picha mwaka wa 1904: baba mumoja, Nsala, amekaa barazani akiangalia mukono na muguu wa binti yake Boali, vyenye vilikatwa na askari wa kampuni ya kauchu. Bibi na bwana Harris walizunguka Uingereza wakionyesha picha hizo kwa taa katika makanisa, watu wakisali na kutoa mchango. Kwao zamiri ilikuwa sauti ya Mungu ndani ya mutu, na kosa la taifa lilipaswa kutubiwa. Morel aliogopa kwamba vita vitaonekana kuwa ugomvi wa Waprotestanti na Wakatoliki, na kweli Leopold alitumia nafasi hiyo. Wakatoliki wengi walimutetea mufalme. Lakini hata kwa Wakatoliki kulitokea padri Mujezuiti Mubelgiji, Arthur Vermeersch, mwenye aliandika mwaka wa 1906 kitabu cha kuukosoa utawala wa Kongo. Mwaka mumoja mbele, tume yenye Leopold mwenyewe alichagua ilikuwa imekubali kwamba mengi ya mashitaka ni ya kweli.

Bila picha za Alice, hesabu za Morel zingebakia katika ofisi. Na bila hesabu, picha zingejibiwa na watetezi wa mufalme kama walivyozoea, kwamba ni makosa ya watu wachache.

Tarehe 15/11/1908 Kongo ikaondolewa mikononi mwa Leopold na kuwa koloni la Ubelgiji. Wengi waliona kazi imekwisha. Morel alisema hapana, kwa sababu udongo ulikuwa haujarudishiwa wenyewe, na akaendelea mpaka chama kilipofungwa mwaka wa 1913. Jambo la udongo halikutengenezwa wakati huo.

Mutu huyu alikuwa na kivuli chake pia. Kati ya wenye walimusaidia kwa feza alikuwa William Cadbury, Mukweka, wa kampuni ya chokoleti. Wakati uleule, mpaka mwaka wa 1909, kampuni hiyo ilikuwa inanunua kakao ya São Tomé, yenye ililimwa na watu kutoka Angola wenye walifanya kazi kama watumwa. Morel hakumupigia Cadbury kelele zenye alimupigia Leopold.

Vita ya 1914 ilipoanza alikuwa kati ya Waingereza wenye waliikataa. Akaanzisha pamoja na wenzake chama cha Union of Democratic Control, chenye kilidai siasa ya inje isifanyiwe tena sirini. Marafiki walimukimbia, magazeti yakamuita musaliti. Mwaka wa 1917 tribinali ilimuazibu kifungo cha miezi 6 kwa kosa la kutuma maandishi yake kwa mwandishi Mufaransa Romain Rolland, mwenye alikuwa Uswisi. Alifungwa katika gereza la Pentonville. Ni pale Casement, rafiki yake wa Kongo, alikuwa amenyongwa mwaka mumoja mbele, kwa kujiunga na wapiganaji wa uhuru wa Irlandi. Morel alitoka gerezani akiwa muzaifu, na nguvu zake hazikurudi tena kama zamani.

Kisha mwaka wa 1920. Ufaransa ilikuwa imeweka askari Waafrika katika eneo la Rhine huko Ujerumani. Morel, mwenye alichukia mukataba wa Versailles, alitaka kuuvunja, na silaha yenye alichukua ilikuwa hao askari. Katika gazeti la Daily Herald, na kisha katika kitabu kidogo, aliandika kwamba mwanaume mweusi ni hatari kwa wanawake wa Ulaya kwa asili yake. Yalikuwa maneno ya ubaguzi mutupu. Mutu mwenye alikuwa anachunguza kila sanduku kule Anvers, sasa alipokea uvumi bila kuuhesabu, kwa sababu ulimusaidia. Claude McKay, mwandishi mweusi kutoka Jamaika mwenye aliishi London, alimujibu mwezi uleule katika gazeti lingine. Na mwaka huohuo Morel alitoa kitabu kingine, The Black Man's Burden, cha kueleza mateso yenye Ulaya ilileta Afrika. Vitabu vyote viwili vina jina lake juu, na haionekani kama aliona shida yoyote.

Mwaka wa 1922 muji wa Dundee ulikuwa na viti viwili vya bunge. Winston Churchill alipoteza chake. Wenye walishinda ni Edwin Scrymgeour, muhubiri mwenye alipiga vita pombe kwa jina la Mungu, na Morel wa chama cha Labour. Serikali ya kwanza ya Labour ilipoingia mwaka wa 1924, alitumaini kupewa wizara ya mambo ya inje. Waziri mukuu Ramsay MacDonald, mwenzake wa zamani katika kupinga vita, aliishika mwenyewe.

Wapiga kura wa Dundee walimuchagua tena mwezi wa kumi 1924. Tarehe 12/11, akiwa Devon, alienda kutembea katika pori. Alichoka, akakaa chini kupumuzika, na hakuamuka. Alikuwa na miaka 51. Barua na madaftari yake yanachungwa mpaka leo katika maktaba ya London School of Economics, wakati mukono na muguu wa Boali vilibakia katika picha tu.