William Hartnell: stelingi wa kwanza kugeuzwa sura

Kwenye mabanda ya video ya hapa Mwanza kulikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kutupwa mtoni, kula risasi ya bega, lakini mkanda ukiisha lazima awe amesimama. Leo nawaletea mzee mmoja wa Kiingereza ambaye mwaka 1966 aliivunja sheria hiyo na kuitimiza kwa mpigo mmoja. Alianguka sakafuni na sura yake, akainuka mtu mwingine kabisa, na hadithi ikaendelea kama kawa. Mzee huyo ni William Hartnell, Daktari wa kwanza wa Doctor Who, tamthiliya ya BBC iliyoanza 1963.

Kwa wasioijua: Daktari ni mtu asiye wa dunia hii, jina lake halisi halijulikani, na anasafiri ndani ya wakati. Wiki hii yuko Roma ya kale, wiki ijayo yuko sayari nyingine. Chombo chake kwa nje ni kibanda cha bluu cha polisi wa Uingereza, kinachofanana na vile vibanda vya simu vya TTCL tulivyokuwa tunavipangia foleni na kadi mkononi. Ukiingia ndani unakuta jumba zima! Wengi tunaifahamu hii iliyoanza upya 2005 baada ya kukatika 1989. Mimi nasema utamu uko kwenye zile za zamani, nyeusi na nyeupe, za huyu mzee.

Hartnell alizaliwa St Pancras, London, tarehe 8 Januari 1908. Mama yake, Lucy, hakuwa ameolewa, na baba hakujulikana. Alimtafuta, hakumpata mpaka anaingia kaburini. Enzi hizo mtoto wa nje ya ndoa ilikuwa aibu kubwa kule kwao, kwa hiyo jamaa alipopata jina akawa anawaambia watu kwamba kazaliwa Devon na baba yake alikuwa mtu mwenye uwezo wake. Kamba tupu. Sehemu ya utoto alilelewa na mama mlezi, likizo akipelekwa Devon kwa ndugu za mama yake waliokuwa wakulima, ndiko alikojifunza kupanda farasi. Shule haikumpeleka mbali, akaingia kwenye vijitabia vya ukibaka mitaani.

Kilichomwokoa ni ngumi. Kwenye klabu ya ndondi ya vijana alikutana na Hugh Blaker, mkusanyaji wa picha za kuchora, mtu mwenye hela na roho nzuri. Blaker akamchukua kama mwanawe, akampeleka kujifunza kuendesha farasi wa mashindano, halafu akamwingiza chuo cha sanaa cha Italia Conti. Mwaka 1925 kijana akaanza kazi kwenye kundi la mzee Frank Benson lililokuwa likizunguka na tamthiliya za Shakespeare. Hapo usidhani alianzia juu. Alikuwa mtu wa kubeba vifaa na kusukuma mapazia, akipewa vijisehemu vya kusema maneno mawili matatu. Mwaka 1929 akamwoa Heather McIntyre, mwigizaji mwenzake, wakapata binti mmoja.

Vita ya pili ilipokuja alienda jeshini upande wa vifaru, lakini baada ya mwaka mmoja na nusu hivi akili ikamlemea, akarudishwa nyumbani. Sasa ona maisha yalivyo na kejeli: mtu aliyeshindwa jeshi ndiye akaja kuwa sajini maarufu kuliko wote kwenye sinema za Uingereza. Mwaka 1944 aliigiza sajini kwenye The Way Ahead, na baada ya hapo kila mtengeneza filamu akihitaji afande mkali wa kufokea makuruta anamwita yeye. Sajini kwenye The Army Game, sajini tena 1958 kwenye Carry On Sergeant. Akiwa si afande, basi ni jambazi, kama kwenye Brighton Rock. Miaka karibu 20 ya kupiga kelele! Alikuwa amechoka nayo vibaya.

Mwaka 1963 akatokea kwenye filamu ya This Sporting Life kama mzee mpole anayewatafutia timu wachezaji wa raga. Sehemu ndogo tu. Lakini aliyeiona alikuwa Verity Lambert, dada wa miaka 27 aliyekuwa amekabidhiwa na BBC kipindi kipya cha watoto cha Jumamosi jioni. Mwanamke kusimamia tamthiliya pale BBC lilikuwa jambo geni. Mwongozaji wake alikuwa Waris Hussein, kijana wa miaka 24 mzaliwa wa Lucknow, India. Wakubwa wa jengo walikuwa wanawatazama hawa wawili kwa jicho la pembeni, na studio waliyopewa ilikuwa ndogo, ya zamani, yenye joto kali. Hao ndio waliokwenda kumbembeleza afande mstaafu wa miaka 55 avae wigi jeupe na awe babu wa ajabu.

Sehemu ya kwanza ilirushwa tarehe 23 Novemba 1963. Angalieni tarehe hiyo: Kennedy alikuwa ameuawa jana yake. Nani alikuwa na hamu ya kibanda cha bluu? Ikabidi wairudie wiki iliyofuata, kabla ya sehemu ya pili. Huku kwetu Afrika Mashariki, Zanzibar inapata uhuru tarehe 10 Desemba na Kenya tarehe 12, Daktari ndio kwanza amefika sehemu ya tatu, anahangaika na watu wa mapangoni. Kisha wakaja Madalek, vile vidude kama pipa la lita 200 lenye mkono wa kuzibulia sinki, na Uingereza nzima ikashikwa. Watoto walikuwa wanajificha nyuma ya makochi. Watazamaji wakapita milioni 10.

Na mzee akabadilika. Aliyekuwa akifoka maisha yake yote sasa akawa anapokea barua za watoto, anafungua maonyesho, anawapungia mikono barabarani. Daktari wake mwanzoni ni mkorofi, mbinafsi, haaminiki hata kidogo. Taratibu analainika. Tazama The Dalek Invasion of Earth ya 1964, pale anapomfungia mlango mjukuu wake Susan kwa makusudi ili binti abaki na mwanaume anayempenda, badala ya kuzeeka akimtunza babu. Mzee yuko peke yake na mitambo, anaongea na mjukuu aliye nje. Kama una babu nyumbani, utaelewa.

The Aztecs, pia ya 1964, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Barbara, mwalimu wa historia anayesafiri naye, anadhaniwa ni mungu mke, naye anataka kutumia cheo hicho kukomesha kutoa watu kafara. Daktari anamkataza: historia haiguswi. Anajaribu, anashindwa, inauma. Katikati ya uzito wote huo mzee anamkorogea kakao mama mmoja wa heshima, wanakunywa pamoja, kumbe kwa mila za pale hiyo ni posa. Keshachumbia bila kujua! Sura ya Hartnell anapogundua utairudia mara tano.

Na nyie mnaokaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, itafuteni The War Machines ya 1966. Kuna kompyuta moja imewekwa kwenye mnara mpya wa simu pale London, inasubiri kuunganishwa na kompyuta nyingine duniani. Nayo inaamua kuwa binadamu wameshindwa kazi, sasa itatawala yenyewe, na inawateka watu akili kupitia waya wa simu. Mwaka 1966 hiyo, wadau, intaneti haipo hata kwenye ndoto! Kwenye sehemu ya tatu askari wanakimbia huku mashine inakuja, Daktari kasimama tu, kashika kola za koti lake, hatikisiki.

Lakini ndani ya mwili wake mambo yalikuwa yameharibika. Mishipa ya damu ilikuwa inakakamaa, na ugonjwa ulimla kumbukumbu. Maneno yakawa yanampotea katikati ya sentensi. Kipindi kilikuwa karibu kila wiki, zaidi ya sehemu 130 ndani ya miaka mitatu, na kusimamisha kamera ili kurudia kosa ilikuwa gharama kubwa, kwa hiyo makosa yake mengi yalienda hewani hivyo hivyo. Hasira zikazidi. Lambert na Hussein walishaondoka, wapya hawakumwelewa. Na hapa niseme ukweli wote: waliofanya naye kazi wamesimulia kwamba alikuwa na maneno ya kibaguzi kwa watu wasio wa rangi au asili yake. Ugonjwa hauwezi kubebeshwa hilo. Kazi yake naisifia, ila hilo silifuti.

Mwaka 1966 wakubwa wakaamua aondoke. Wangeweza kuua kipindi. Badala yake wakabuni jambo ambalo halijawahi kufanywa: kwenye The Tenth Planet, iliyoisha tarehe 29 Oktoba 1966, mwili wa Daktari unachoka, anajikokota mpaka kwenye kibanda, analala sakafuni, uso unajaa mwanga, na anayeamka ni Patrick Troughton. Hata katika hadithi hiyo ya mwisho Hartnell aliumwa, sehemu ya tatu ikarekodiwa bila yeye na maneno yake wakapewa wengine. Ujanja ule uliotokana na mzee kuugua ndio unaokiweka hai kipindi mpaka leo, kila mwigizaji akiondoka. Mwaka 2023 sura ya Daktari ikawa ya Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda, ng'ambo ya Kagera tu hapo, ambaye familia yake ilikimbilia Scotland kutokana na mauaji ya kimbari ya 1994. Akaishika mpaka 2025. Sijui mzee wa 1963 angesema nini, na wala siumizi kichwa.

Hartnell alirudi mara moja tu, The Three Doctors, sherehe ya miaka kumi ya kipindi. Alikuwa hoi, ikabidi akae kitini, arekodiwe peke yake, asome maneno kwenye makaratasi yaliyoshikwa mbele yake. Alifariki tarehe 23 Aprili 1975, miaka 67.

Sasa sikieni kilichotokea kwa kazi yake. BBC iliifuta. Mikanda ya video ilikuwa ghali, wakairekodia vipindi vingine. Nakala za filamu zilizobaki kwa ajili ya kuuzwa nje nazo zikateketezwa, kwa sababu rangi ilikuwa imekuja na weusi na weupe walidhani hauna mnunuzi tena. Walikuja kushtuka mwishoni mwa miaka ya 70. Mpaka leo zaidi ya sehemu 90 za Doctor Who hazipo, zaidi ya 40 kati ya hizo ni za Hartnell. Marco Polo, sehemu saba, hakuna hata moja. Zimebaki picha, na sauti walizorekodi vijana majumbani kwa kuweka mashine ya kurekodi sauti mbele ya televisheni. Yaani watoto wa mtaani walitunza kuliko shirika! Na sehemu ya nne ya The Tenth Planet, ile ile anayogeuka sura, nayo haipo. Tunaona ule mgeuko wenyewe tu, kwa sababu kipande hicho kiliwahi kuonyeshwa kwenye kipindi cha watoto cha Blue Peter.

Afrika inaingia hapa. Zile nakala za filamu za milimita 16 ziliuzwa kwenye vituo vingi, na kituo kikimaliza kinairudisha, kinaiharibu au kinaipeleka nchi inayofuata, kama mikanda ilivyokuwa inahama banda hadi banda. Miaka ya 1980 Nigeria ilirudisha sehemu kadhaa za Hartnell, zikiwemo za The War Machines niliyowasimulia. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba Philip Morris, mtafutaji wa Kiingereza, amekuta kwenye stoo ya kituo cha Jos, Nigeria hiyo hiyo, sehemu tisa za Troughton zilizodhaniwa zimepotea.

Na waliozinunua miaka ya 60 wamo majirani zetu wa ziwani, Kenya na Uganda. Sisi Tanzania Bara televisheni tuliipata 1994, Zanzibar ikiwa imetutangulia miaka ya 70. Kwa hiyo Mwanza haikumwona Hartnell, isipokuwa wale waliopanda meli kwenda Kisumu au Port Bell kwa biashara, shule au kusalimia ndugu, wakakaa jioni mbele ya televisheni ya mtu. Kama una babu, bibi au mjomba aliyeishi Nairobi, Kisumu, Kampala au Jinja miaka hiyo, muulize kama anamkumbuka mzee mwenye nywele nyeupe na kibanda cha bluu. Na kama aliwahi kufanya kazi kwenye kituo cha televisheni, muulize makopo ya filamu yalikuwa yanawekwa wapi kipindi kikiisha. Tupieni majibu hapo chini.