Jangili aliyependekeza Hifadhi ya Ruaha

Ukitoka Itigi, wilayani Manyoni, kushuka kuelekea Mbeya, unakatiza Pori la Akiba la Rungwa. Kusini yake ni Hifadhi ya Taifa Ruaha. Zamani lilikuwa pori moja, na aliyependekeza ligawanywe aliwahi kuwa jangili.

George Rushby, Mwingereza aliyezaliwa 1900, alikuja Afrika akiwa kijana. Aliishi kwa kuua tembo na kuuza meno, hadi Kongo alifika, tena mara nyingine bila kibali. Baadaye akaajiriwa Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika, akawa bwana nyama. Yaani mwizi kapewa funguo!

Jina lake lilivuma Njombe. Huko simba walikula watu kwa miaka mingi, inasemekana zaidi ya 1,000, na wanakijiji waliamini simba hao wanatumwa kichawi. Rushby aliona sababu nyingine: serikali ilikuwa imeua wanyamapori wengi eneo hilo ili kuzuia sotoka, simba wakakosa mawindo. Kufikia 1947 yeye na askari wake walikuwa wameua simba 15, na vifo vikakoma.

Mwaka 1949 akapendekeza kusini mashariki mwa Rungwa pawe hifadhi ya taifa, uwindaji marufuku. Ilichukua miaka 15. Ruaha ilitangazwa 1964, na yeye akafariki mwishoni mwa muongo huo.

Upande wa Manyoni ulibaki pori la akiba, uwindaji wa kitalii ukiruhusiwa kwa kibali. Mpaka hauna uzio. Tembo aliyeamka hifadhini, jioni anaweza kuwa ndani ya kitalu cha mwindaji.