Padre Jonathan Swift na Wale Waliomtunza

Wengi wetu tulikutana na kitabu cha Safari za Gulliver tulipokuwa shuleni, tukacheka sana kwa habari za yule baharia aliyefungwa kamba na vijitu visivyofika kimo cha shibiri moja. Lakini si wengi wajuao ya kuwa mtungaji wake alikuwa padre wa Kianglikana, na kwamba miaka yake ya mwisho aliishi bila kumbukumbu, hata hakuwatambua rafiki zake. Tumeona vema kueleza maisha yake mwezi huu, maana hata katika mtaa wetu zimo nyumba zenye mzee wa namna hiyo, na watu wa nyumbani hawajui wafanyeje.

Jonathan Swift alizaliwa Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, tarehe 30 Novemba 1667. Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, ikawa kusomeshwa kwake ni juu ya ami yake. Alipata upadre mwaka 1695, na mwaka 1713 akawekwa kuwa Mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patriki huko Dublin. Alishika daraja hiyo hata kufa kwake.

Hakuwa mtu mpole, na kalamu yake ilikuwa kali kama wembe. Mwaka 1724 aliandika barua za kuwaonya watu wa Ayalandi wasipokee sarafu za shaba ambazo bwana mmoja wa Uingereza, William Wood, alipewa ruhusa ya kuwatengenezea. Alijificha chini ya jina la muuza nguo. Serikali iliahidi pauni 300 kwa mtu atakayemtaja mwandishi. Dublin nzima ilimjua, wala hakuna hata mmoja aliyemtaja. Maskini nao walimpenda, kwa kuwa aliwakopesha mafundi wadogo fedha za kuanzia kazi bila kudai riba.

Tangu ujana wake alisumbuliwa na kizunguzungu na uziwi, mambo yaliyokuja na kuondoka. Na moyoni alikuwa na hofu moja kubwa, nayo ni kuzeeka na kupotewa na akili. Hofu hiyo imo katika kile kitabu chake cha mwaka 1726. Humo amewaeleza watu waitwao Struldbrugg, ambao hawafi kamwe, lakini wanazeeka. Wanasahau majina ya vitu na ya jamaa zao. Hawawezi hata kusoma, kwani wakifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umekwisha kuwatoka. Wasomaji walicheka, nasi tulicheka. Miaka 16 baadaye mambo karibu na hayo yalimpata yeye mwenyewe.

Kumbukumbu yake ilianza kupungua taratibu. Mwezi wa Agosti 1742 baraza lililowekwa kisheria lilimchunguza na kuona kwamba hana tena akili timamu wala kumbukumbu, akawekewa walinzi wa kumtunza yeye na mali yake.

Nyumbani alihudumiwa na Bibi Ridgeway, mtunza nyumba wake, na kuangaliwa na binamu yake, Bibi Martha Whiteway. Huyu binamu ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kutambuliwa naye. Hata hilo nalo lilipokwisha, mzee alighadhibika kila alipoona mtu, na baadaye hakupata usingizi kwa usiku mmoja au miwili. Basi Bibi Whiteway alifanya nini? Hakukasirika, wala hakusema kwamba ametukanwa, wala hakuacha kwenda. Alifika mara mbili kila juma kuuliza hali na kuhakikisha anatunzwa ipasavyo, naye alimtazama tu wakati mzee amempa mgongo, asije akamfadhaisha.

Mzee alitembea chumbani kiasi cha saa kumi kwa siku, na hakukubali kula mtumishi akiwapo. Hawakumlazimisha kuketi. Nyama yake ililetwa imekwisha kukatwa vipande, ikaachwa mezani, hata pengine baada ya saa nzima akaila huku akitembea.

Mwaka huohuo jicho lake la kushoto lilivimba likawa kama yai, na majipu yakamtoka mwilini. Kwa muda wa juma zima watu watano walishikana naye kwa shida ili asijiharibu jicho kwa maumivu. Kisha maumivu yakapungua, na siku moja akamtambua tena Bibi Whiteway. Alimshika mkono, akamwita kwa jina lake, akafurahi kumwona kama zamani. Bibi alipomwuliza kama atamkaribisha chakula, alikubali kwa moyo wote, kama rafiki kwa rafiki wa siku nyingi. Siku chache tu baadaye giza lilirudi.

Tangu hapo alinyamaza karibu kabisa. Siku moja mwaka 1744 alinyosha mkono kuchukua kisu kilichokuwa mezani. Bibi Ridgeway alikisogeza mbali, bila kelele. Mzee aliinua mabega, akasema kwamba yeye ndivyo alivyo, na baada ya kitambo akarudia neno lilelile. Alifariki tarehe 19 Oktoba 1745, mwenye umri wa miaka 77, akazikwa ndani ya Kanisa Kuu lake.

Katika wasia alioandika mwaka 1740, akili zake zikiwapo bado, aliacha karibu mali yake yote ijengwe hospitali ya wagonjwa wa akili. Ilifunguliwa Dublin mwaka 1757, na mpaka leo inafanya kazi.

Baada ya kufa kwake watu walisema sana kwamba alikuwa mwenda wazimu. Mwaka 1849 daktari mmoja wa Dublin, William Wilde, aliandika kitabu kumtetea, akionyesha kwamba kizunguzungu kile kilikuwa ugonjwa wa mwili, na kwamba yaliyomfika mwishoni ni maradhi ya uzeeni. Nasi tusiwe wepesi kusema kwamba mzee fulani amerogwa, au anajifanya, au ni ukorofi wake wa zamani. Ni ugonjwa wa ubongo, na mwisho wake ni mauti kama magonjwa mengine mazito.

Siku hizi waganga wana jina la utunzaji wa mgonjwa asiyeweza kuponywa: huitwa tiba shufaa. Kazi yake ni kuondoa maumivu na hofu, ili mgonjwa aishi kwa heshima mpaka mwisho. Mzee aliyesahau maneno hawezi kusema jino linamwuma au kidonda kinamchoma. Atapiga kelele, atasukuma mkono, atakataa chakula. Kabla ya kumwita mkorofi, na tutafute panapomwuma, tumwite mganga. Tukumbuke lile jicho la Padre Swift, na jinsi maumivu yalipopungua jina la rafiki likarudi kinywani mwake.

Tena tusimsahau yule anayemtunza, ambaye mara nyingi ni binti mmoja au mkwe, usiku na mchana. Anayekwenda kumkalia mzee saa mbili ili mtunzaji apate kulala, amefanya kazi kubwa. Na ikiwa mzee hakujui tena, nenda hata hivyo. Wewe bado unamjua yeye.