Bibi Aliyezivika Breki Ngozi

Gari lenyewe lilikuwa na magurudumu matatu. Breki zake zilikuwa vipande vya kukwaruza magurudumu ya nyuma, na dereva alivikaza kwa kuvuta mkono wa chuma. Kwenye tambarare zilifaa. Lakini siku ile ya Agosti 1888, Bibi Bertha Benz alikuwa akipita nchi ya vilima.

Bertha alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 mjini Pforzheim, Ujerumani, binti wa mjenzi aliyejiweza. Akampenda mhandisi asiye na kitu, Karl Benz. Huko kwao ni wazazi wa msichana waliotoa mali ya ndoa, si wa kijana kama kwetu. Bertha akamsihi babake ampe fungu lake hata kabla ya harusi yao ya 1872, nalo likatumika kumlipa mshirika wa Karl ajitoe katika karakana. Kwa hivyo gari lililosajiliwa tarehe 29 Januari 1886 lilikuwa na fedha za mke ndani yake, ingawa hati iliandikwa jina la kampuni ya Benz & Co., si lake.

Taabu ni kwamba wanunuzi hawakuja. Karl alikuwa mtu wa kusitasita, kila siku ana kitu cha kurekebisha. Bertha akaona watakwisha wakingoja.

Basi alfajiri moja, mume hana habari, akawachukua wanawe Eugen, miaka 15, na Richard, 13, wakalitoa gari Mannheim kwenda kwa mama yake Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Mafuta yalipopungua alinunua dawa ya kutolea madoa katika duka la dawa la Wiesloch. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Milimani vijana walishuka wakasukuma.

Kupanda kulikuwa kazi, lakini kushuka ndiko kulikokuwa hatari. Msuguano huzaa joto, na joto na mchubuko vilizila breki kidogo kidogo hata zikakaribia kushindwa. Hebu fikiria, msomaji: mama na watoto wawili mteremkoni, juu ya chombo kisichotaka kusimama! Kijijini Bauschlott Bertha hakutafuta fundi wa magari, maana hakukuwa na fundi wa namna hiyo. Alimwendea fundi viatu, akamwambia apigilie ngozi kwenye breki. Ngozi hushika gurudumu vizuri, na ikilika hung'olewa ikawekwa nyingine. Kazi hiyo ndiyo leo inayofanywa na lainingi za breki.

Jioni waliingia Pforzheim, na Karl akapelekewa simu ya maandishi. Bertha alirudi na orodha ya kasoro. Kutokana nayo Karl aliongeza gia ya kupandia milima.

Ngozi haikudumu katika ufundi huo. Ikaja asbesto, iliyostahimili moto, hadi ilipothibitika kuwa vumbi lake huua mapafu. Wenye magari ya kale sasa huing'oa na kuweka lainingi zisizo nayo.

Karl alifariki 1929. Bertha alitimiza miaka 95 tarehe 3 Mei 1944, na siku hiyo chuo cha ufundi cha Karlsruhe, alikosoma mumewe, kilimtunuku cheo cha seneta wa heshima. Alifariki siku mbili baadaye, nyumbani kwake Ladenburg.