Samuel Ajayi Crowther: Askofu Aliyepewa Jimbo Bila Meli

Jumapili tulikuwa kwa 2 Timotheo 2:2, habari ya kuwakabidhi kazi watu waaminifu. Na kwa kuwa mwezi ujao tunawawekea mikono viongozi wapya wa vikundi vya nyumbani, nimeona wiki hii niwasimulie maisha ya Samuel Ajayi Crowther. Wengi tunamjua kama askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana, basi, tunaishia hapo. Mimi kinachonisumbua ni yaliyotokea baada ya kupewa uaskofu.

Ajayi alizaliwa karibu mwaka 1809 huko Osogun, katika nchi ya Wayoruba, Nigeria ya leo. Mwaka 1821 wavamizi waliuteketeza mji wao. Yeye na mama yake na dada zake wakafungwa kamba wakaongozwa kama mbuzi wa mnadani. Akatenganishwa nao. Akauzwa, akauzwa tena, safari moja akabadilishwa na farasi, nyingine na tumbaku na pombe. Kuna usiku alijaribu kujinyonga kwa mshipi wake. Mwisho akafika mikononi mwa Wareno pale Lagos, wakampakia melini. Hiyo ilikuwa Aprili 1822, na meli ilikuwa bado haijaenda mbali wakati manowari ya Waingereza ilipoikamata. Kijana akashushwa Freetown, Sierra Leone, akiwa huru.

Washirika wetu waliokulia Mombasa, upande wa Kengeleni, wanaelewa jambo hili. Freretown yetu ilianzishwa mwaka 1875 na shirika lile lile la misheni, CMS, kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani.

Freetown alisoma kwa njaa ya ajabu. Alibatizwa Desemba 1825, akachukua jina la Samuel Crowther, na mwaka 1827 akawa kati ya wanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay. Baadaye akafundisha pale pale. Mkewe, Asano, ambaye kwa ubatizo aliitwa Susan, naye alikuwa ameokolewa utumwani.

Halafu ikaja safari ya mwaka 1841. Serikali ya Uingereza ilituma meli tatu kupanda Mto Niger, na Crowther akaenda pamoja na mmisionari Schön. Malaria iliwapiga. Wazungu zaidi ya 40 walikufa, kati ya kama 150 waliokwenda. Ndipo watu wa misheni wakakubali kile ambacho kilikuwa wazi tangu mwanzo: kazi ya Niger ingefanywa na Waafrika au isingefanywa. Mwaka 1843 Crowther akawekewa mikono ya uchungaji London.

Hapa niruhusuni nikae kidogo. Mwaka 1846 Crowther alifika Abeokuta, kwa watu wake Wayoruba, na haikuchukua wiki nyingi kabla habari kumfikia mwanamke mmoja mzee aitwaye Afala. Alikuwa mama yake. Miaka 25 walikuwa hawajaonana. Hebu fikiria, mama ameshamlilia mtoto, amekubali kwamba amekufa, halafu anatokea mwanamume mzima mwenye kola ya uchungaji. Mwaka 1848 Afala akabatizwa, akaitwa Hannah. Wakati huo Crowther alikuwa anaitafsiri Biblia kwa Kiyoruba, na hakukaa tu mezani na kamusi. Alisikiliza wazee wanavyosema, akakusanya methali, akatafuta neno ambalo mama kama Afala angelielewa bila kuelezwa.

Kule London alikuwepo katibu wa CMS, Henry Venn. Venn aliamini kanisa la Afrika lazima lijiongoze, lijilipie na lijieneze lenyewe, na mmisionari akimaliza kazi ahame aende kwingine. Mwaka 1857 misheni ya Niger ilianza Onitsha, watumishi wake wote Waafrika. Mkuu wa kituo, John Christopher Taylor, alikuwa mtoto wa Waigbo waliofikishwa Sierra Leone kama Crowther. Tarehe 29 Juni 1864, ndani ya kanisa kuu la Canterbury, Crowther akawa askofu. Hakukitaka cheo hicho, Venn ndiye aliyemsihi.

Sasa niongee kama mtu aliyesomea biashara. Angalieni mipaka ya jimbo. Lilikuwa kubwa ajabu, ila Abeokuta na Lagos zilitolewa nje, kwa sababu wamisionari Wazungu waliokuwa kule hawakuwa tayari kuwa chini ya askofu Mwafrika. Yaani mahali alipojulikana, lugha yake, watu wake, hakupewa. Alipewa Mto Niger, ambako yeye mwenyewe alihitaji mkalimani. Na hakupewa meli. Kwa miaka mingi alitembelea vituo vyake kwa kuomba nafasi kwenye meli za wafanyabiashara. Meli ya misheni ilipatikana mwaka 1878, karibu miaka 20 tangu kazi ianze. Ripoti alidaiwa kila mwaka. Mtu ukimpa wajibu ukamnyima nyenzo, kwa kweli hujamkabidhi kazi.

Kazi iliota hata hivyo. Bonny, kule mdomoni mwa Niger, kenge walikuwa wakiheshimiwa kama miungu, wanaingia nyumbani na hakuna anayethubutu kuwafukuza. Mwaka 1867 mfalme wa Bonny akatangaza kwamba heshima hiyo imekwisha.

Tusimfanye malaika. Kati ya watumishi wake wapo waliofanya mabaya ya kweli, na Crowther, mtu mpole, mara nyingine alichelewa kuchukua hatua. Lakini Venn alifariki mwaka 1873, na pale ofisini hakuna aliyebaki wa kusimama na yule mzee. Mwaka 1890 vijana kutoka Uingereza, baadhi yao wakiwa wa miaka ya ishirini, wenye bidii ya maombi na utakatifu, walikuja kuisafisha misheni. Nakiri ningependa kuomba nao. Wakawashutumu karibu watumishi wote, wakawasimamisha na kuwafukuza, hata Dandeson, mwana wa askofu, aliyekuwa mkuu wa kazi ya delta. Agosti ya mwaka ule, kwenye mkutano wa kamati ya fedha pale Onitsha, askofu wa miaka 80 hivi alikaa akisikiliza hukumu za watu ambao wengine walikuwa rika la wajukuu wake. Akajiuzulu kutoka kamati hiyo.

Wapendwa, hawa tunaowawekea mikono mwezi ujao watakosea pia. Wengine watachelewa kuleta sadaka ya kikundi, mwingine atamwambia mtu neno baya. Wazee wa kanisa na mimi tuna deni la kujibu kabla ya siku hiyo: kila mmoja anasimamiwa na nani, nauli yake inatoka wapi, na siku ya lawama ni nani atakayekaa kiti cha karibu naye. Naomba na ninyi mtuulize.

Crowther alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891. Makanisa ya delta yalikataa kuvunjika. Mwaka 1892, chini ya Dandeson, yakasimama kama kanisa linalojiendesha, yakiwalipa watumishi wake kwa sadaka zake yenyewe. Nafasi ya askofu ikapewa Mzungu, Joseph Sidney Hill, aliyefariki mapema mwaka 1894 akiwa hajakaa sana kazini. Mwafrika wa kuongoza jimbo zima la Kianglikana nchini Nigeria hakupatikana tena hadi mwaka 1952, alipowekwa A. B. Akinyele pale Ibadan.